Damu Iliyovuja Ndiyo Iliyoganda

Mama ni mshonaji, na futi haimtoki shingoni. Siku mguu wa Baba ulipovimba, sisi wengine tulikuwa bado tunabishana kama umevimba kweli au ni macho tu. Yeye alimkalisha kitandani, akazungusha futi kwenye shavu la mguu wa kulia, akahamia wa kushoto, kisha akaandika kwenye daftari lake la vipimo vya wateja, katikati ya gauni la harusi na sare za shule: kulia 34, kushoto 38. Akanipigia simu Dar es Salaam. "Mwanangu, mguu mmoja wa baba yako umeuzidi mwenzake sentimita nne. Hayo si macho tena, ni futi."

Ilikuwa siku ya kumi na tisa tangu Baba atolewe kibofu cha mkojo kwa ajili ya saratani.

Daktari aliyempokea Tanga usiku ule alipoonyeshwa daftari, aliinua uso akamtazama Mama vizuri. Madaktari wana orodha ya alama wanayoitumia kukadiria kama mtu ana damu iliyoganda kwenye mishipa ya ndani ya mguu, na tofauti ya zaidi ya sentimita tatu kati ya mashavu mawili ya miguu ni alama mojawapo. Kuwa na saratani ni alama nyingine. Kufanyiwa upasuaji mkubwa karibuni ni nyingine. Baba alikuwa amezikusanya zote, na nyumbani kwetu hakuna aliyekuwa amewahi kusikia hata moja.

Tungewezaje kusikia? Kwa miezi minane tulikuwa tunahangaika na damu inayotoka. Nani angewaza kuhofia damu inayoganda?

Ilianza na mkojo mwekundu. Haukuuma. Baba alisema ni kichocho, maana utotoni kwao walikuwa wakioga mtoni kila jioni, na watoto wa kiume wa enzi hizo walikojoa damu wakaona ni sehemu ya kukua. Akanunua vidonge vya kichocho, akameza, damu ikakata. Miezi miwili ikarudi, ikakata tena yenyewe. Hapo ndipo saratani ya kibofu inapowapata watu wengi: damu yake huja na kuondoka bila maumivu, na kila inapoondoka mtu anaona amepona. Baba alikuwa pia amevuta sigara kwa miaka zaidi ya thelathini, tangu akiwa kijana wa kazi za reli, na tumbaku ndiyo kisababishi kikubwa kuliko vyote cha saratani hii. Hilo hakuna aliyemwambia. Yeye aliogopa mapafu tu.

Halafu yakaja mabonge. Usiku mmoja mkojo ulifunga kabisa, tumbo la chini likawa gumu kama ngoma, tukamkimbiza hospitali. Walimwekea mpira wa mkojo ule mnene wa njia tatu, wakaingiza maji ya chumvi na kuvuta mabonge meusi moja baada ya jingine mpaka maji yakarudi meupe. Tangu usiku huo neno "bonge" nyumbani kwetu lilikuwa na maana moja: kitu kinachotoka kwenye kibofu, kinachoziba mkojo, kinachoonekana kwenye beseni. Bonge linalokaa ndani ya mshipa wa mguu bila mtu kuliona hatukuwa na jina lake wala picha yake kichwani.

Dar es Salaam walikata kinyama wakapima. Uvimbe ulikuwa umeingia kwenye msuli wa kibofu. Mpango ukawa kemo kwanza, mizunguko minne ya jemsitabini na sisplatini, kisha upasuaji wa kutoa kibofu chote pamoja na tezi za limfu za nyonga, na mkojo kutokea kwenye tundu tumboni kwa njia ya kipande cha utumbo, ukiingia kwenye mfuko. Tulieleweshwa vizuri kuhusu kichefuchefu, figo, masikio kuvuma, na huo mfuko. Damu kuganda haikutajwa, au kama ilitajwa ilipita kama jina la kituo basi lisiposimama.

Baadaye, Baba alipokuwa ameshapona usiku wa hatari, nilichukua bahasha ya majibu yake yote nikaenda kwa daktari mmoja ninayemfahamu, nikamwomba anisomee kwa utaratibu. Alifungua kipimo cha damu cha kabla ya kemo ya kwanza, kile cha kawaida kabisa ambacho kila mgonjwa wa kemo hupimwa. Akaniuliza kama nimewahi kusikia hesabu ya Khorana. Ni hesabu ya kukadiria hatari ya damu kuganda kwa mgonjwa wa kemo, iliyotolewa mwaka 2008, imepewa jina la daktari aliyeitunga, na inatumia vitu ambavyo vipo tayari kwenye faili: aina ya saratani, chembe sahani za damu, himoglobini, chembe nyeupe, na uzito wa mtu kulingana na urefu wake. Saratani ya tumbo la chakula na ya kongosho hupewa pointi mbili. Ya kibofu, pamoja na ya mapafu, ya korodani na zile za uzazi wa mwanamke, hupewa moja. Chembe sahani zikifika 350,000 na kuendelea, pointi moja. Himoglobini ikiwa chini ya 10, pointi moja. Zikifika tatu, mtu yuko kwenye kundi la hatari kubwa.

Chembe sahani za Baba zilikuwa 410,000. Himoglobini ilikuwa 9.1. Saratani ya kibofu. Tatu.

Kilichonikaa moyoni ni hizo namba mbili zilitoka wapi. Himoglobini ilishuka kwa sababu alikuwa amekojoa damu miezi mingi. Na mwili ukipoteza damu hivyo, ukaishiwa madini ya chuma, mara nyingi huongeza chembe sahani, ambazo kazi yake ni kugandisha. Kwa hiyo kila beseni jekundu tuliloliona kama dalili kwamba damu ya Baba ni nyepesi lilikuwa likimsogeza upande wa pili. Sisi tulimpa juisi ya rozela na maini kuongeza damu, na tukajisemea kwamba mtu anayevuja hivi hawezi kuganda. Ni kinyume chake.

Elimu ya jambo hili si ngeni. Mwaka 1856 Mjerumani Rudolf Virchow aliandika juu ya damu kuganda ndani ya mishipa, na tangu hapo madaktari hufundishwa mambo matatu: damu kutembea polepole, ukuta wa mshipa kujeruhiwa, na damu yenyewe kuwa rahisi kuganda. Miaka michache baadaye, Paris, daktari Armand Trousseau aliwafundisha wanafunzi wake kwamba mtu mwenye damu inayoganda bila sababu huenda ana saratani iliyojificha. Mwaka 1867 mshipa wake mwenyewe ulivimba, akamwambia mwanafunzi wake kwamba sasa hana shaka juu ya ugonjwa wake. Alikufa mwaka huohuo kwa saratani ya tumbo.

Nikiyapitisha mambo matatu ya Virchow kwenye safari ya Baba, sioni hata wiki moja ambayo hayakuwepo. Uvimbe wenyewe humwaga kwenye damu vitu vinavyoichochea igande. Kisha ikaja sisplatini. Dawa hii imeokoa watu wengi sana na sijutii kwamba Baba aliipata, lakini huukwaruza utando wa ndani wa mishipa. Mwaka 2011 hospitali moja kubwa ya saratani ya New York ilitoa hesabu ya wagonjwa wake 932 waliotibiwa kwa sisplatini kwa saratani mbalimbali: asilimia 18 waliganda damu wakiwa kwenye dawa au ndani ya wiki nne baada yake. Karibu mmoja kati ya watano. Na wengi mno wa hao, asilimia 88, ilikuwa ndani ya siku mia moja tangu dripu ya kwanza. Kwa mgonjwa wa kibofu, siku mia moja hizo ndizo zinazomfikisha mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Wako ambao bonge huwapata kabla hata kisu hakijawagusa.

Ongeza kutapika. Baada ya mzunguko wa pili Baba hakushika hata maji kwa siku tatu, na damu ya mtu aliyekaukiwa maji huwa nzito. Ongeza basi. Dar es Salaam mpaka Tanga kupitia Chalinze, Segera na Muheza ni kilomita kama 350, na yeye alikuwa akienda na kurudi kila mzunguko, kiti cha dirishani, miguu imekunjwa, akikataa kunywa ili asisumbue watu kwa haja ndogo.

Upasuaji ulichukua saa sita. Kwenye nyonga ndiko inakopita mishipa mikubwa inayorudisha damu ya miguu, na tezi za limfu zinazotolewa zimelala juu ya mishipa hiyohiyo. Daktari anaisogeza, anaibana, anaichambua pembeni. Upande wa kushoto una shida yake ya kuzaliwa: mshipa unaorudisha damu ya mguu wa kushoto hupita chini ya ateri ya kulia na kukandamizwa nayo, ndiyo maana damu huganda mguu wa kushoto mara nyingi zaidi ya wa kulia. Futi ya Mama ilikuta hilohilo.

Wodini walimtunza. Kila jioni nesi alimchoma sindano ndogo ya tumboni, enoksaparini miligramu 40, ya kuzuia damu isigande, na asubuhi iliyofuata upasuaji walimsimamisha akapiga hatua nne akishikilia stendi ya dripu. Niliona sindano hizo nikadhani ni za maumivu. Siku ya kumi na mbili akaruhusiwa, tukapewa vidonge vya antibayotiki, mifuko ya mkojo na tarehe ya kliniki. Sindano zikaishia mlangoni pale. Hospitali siitaji, na sisemi walikuwa na nia mbaya. Nesi aliyetupa karatasi alikuwa na wagonjwa wengine watano wa kuwatoa asubuhi ileile. Lakini hakuna aliyetuambia kwamba baada ya kutolewa kibofu, zaidi ya nusu ya mabonge hutokea mgonjwa akiwa ameshafika kwake.

Kinga yake inajulikana. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti wa watu waliofanyiwa upasuaji wa saratani tumboni na kwenye nyonga. Wote walichomwa enoksaparini karibu wiki moja. Kisha nusu wakaendelea mpaka wiki ya nne, nusu wakachomwa maji matupu. Walipopimwa mishipa, walioachia njiani asilimia 12 walikuwa na damu iliyoganda, walioendelea asilimia 4.8. Waliotoka damu nyingi hawakuongezeka kwa kiasi cha kuhesabika. Ndiyo maana miongozo ya Uingereza na ya Ulaya huzungumzia siku 28 au wiki nne kwa upasuaji wa aina ya Baba. Yeye alipata kumi na mbili.

Siku ya kumi na tano alipanda basi kurudi Tanga. Na hapa nakuja kwenye kosa letu wenyewe.

Kwetu mgonjwa anapumzika. Akijaribu kuinuka, watu watatu wanaruka: "Kaa Baba, unataka nini, tukuletee." Wageni wakija na wali na matunda, aibu kubwa ni kumkuta mgonjwa anatembea uani kana kwamba hana wa kumhudumia. Tulimwekea kiti cha uvivu barazani, akashinda hapo tangu baada ya chai mpaka Magharibi, miguu inaning'inia, akipokea salamu. Alipoona mguu unamkaza tukasema ni misuli ya safari. Dada akachemsha maji ya chumvi akamkanda. Jirani akaleta mafuta ya nyonyo. Siku ya pili akaitwa mchuaji, mama mwenye mkono mzuri anayeheshimika mtaa mzima, akamchua kutoka kisigino kwenda juu. Mimi nilikuwa kwenye simu nikisema, "Mchueni taratibu tu." Sasa najua kwamba mguu uliovimba upande mmoja, wenye joto, kwa mtu wa saratani au aliyetoka kupasuliwa, hauchuliwi kabisa. Bonge likikatika linapanda na damu, linapita moyoni, linaziba mishipa ya mapafu.

La Baba kipande kilipanda. Usiku ule wa futi, akienda kutawadha kwa ajili ya Isha, alisimama katikati ya ukumbi, akashika fremu ya mlango, akashindwa kumaliza sentensi aliyokuwa anamwambia Mama. Moyo unakimbia, kifua kinachoma akivuta pumzi. Mama hakukanda tena. Aliita bajaji.

Ultrasaundi ilionyesha damu imeganda kwenye mshipa wa paja la kushoto. Kwa mapafu hawakusubiri skani. Dalili zilitosha, wakamwekea oksijeni na kuanza sindano papo hapo, safari hii kwa dozi ya matibabu, inayokokotolewa kwa kilo za mwili, asubuhi na jioni. Walipima figo kwanza, maana enoksaparini hutoka mwilini kwa njia ya figo, na sisplatini ilikuwa imeshazichosha.

Asubuhi Baba akiwa na nafuu alisoma karatasi ya ndani ya boksi, kwa miwani ya Mama. Baba husoma kila karatasi. Akakuta kwamba dawa hii hutengenezwa kutokana na utando wa utumbo wa nguruwe. Akaikunja, akaniambia kwa sauti ya chini ili wa kitanda cha pili asisikie, "Mimi hii nimechomwa siku ngapi?"

Sikumjibu haraka haraka. Nilirudi kwa daktari, naye hakumcheka, jambo ninalomshukuru mpaka leo. Akaeleza kwamba heparini, dawa mama ya enoksaparini, iligunduliwa mwaka 1916 kwa maini ya mbwa, ndiyo maana jina lake limetokana na neno la Kigiriki la ini, na kwamba enoksaparini ya leo hutoka kwa nguruwe kweli. Akasema ipo sindano ya kutengenezwa maabara tu, fondaparinusi, lakini hapo haikuwepo na kwa figo zile ingehitaji tahadhari zaidi. Vipo pia vidonge, rivaroksabani na apiksabani, visivyotokana na heparini, ila kwa siku hizi za mwanzo angependa sindano, kwa sababu Baba alikuwa bado anatapika. Imamu wa msikiti wetu akaja kumjulia hali, Baba akamuuliza. Imamu akamkumbusha aya ya 173 ya Sura ya Al-Baqara, juu ya mwenye kulazimika bila kutamani wala kuvuka mpaka, akaongeza kwamba kuilinda roho ni wajibu. Baba akafungua kifungo cha shati, akamwambia nesi achome. Naomba kila anayemwandikia mzee wa Kiislamu sindano hii amwambie mapema, kwa heshima, na jibu likiwa tayari. Mtu akija kuligundua peke yake usiku, ataziacha kimyakimya, na familia itajua mguu ukishavimba.

Nyumbani nilijifunza kuchoma mimi na dada. Unashika nyama ya tumbo kwa vidole viwili, mbali kidogo na kitovu na kovu, unaingiza sindano wima, unasukuma polepole, na ukitoa husugui. Kile kipovu cha hewa ndani ya bomba hakitolewi. Baba ana mfuko upande wa kulia, kwa hiyo tulibaki na kushoto na mapaja, tukibadilisha. Palibaki alama za bluu, na wageni walipoziona waliguna wakasema tunamharibu damu.

Wiki ya pili mkojo kwenye mfuko ukawa wa waridi. Kaka yangu akasema tuache mara moja. Hofu yake naielewa. Tulikuwa tumeona mabeseni. Tulipiga simu badala ya kuacha, wakatuambia tuje, wakakuta ngozi ya kuzunguka tundu imechubuliwa na mfuko uliokatwa mduara mdogo. Uvimbe uliokuwa ukivuja ulikuwa umeshatoka pamoja na kibofu. Si wote wana nafasi hiyo. Mzee mmoja aliyelala jirani na Baba wakati wa kemo aliganda mguu akiwa bado ana kibofu chake na bado anakojoa damu, na nakumbuka madaktari watatu wamesimama miguuni pake kwa muda mrefu, wakipunguza dozi, wakipandisha, wakimwekea damu, wakipima tena kesho yake. Vile vidonge vipya kwa mtu wa namna hiyo huongeza kutoka damu kwenye njia ya mkojo, kwa hiyo havikimbiliwi. Hapo hakuna jibu rahisi, na anayekuambia lipo hajasimama kando ya kitanda kile.

Baba alitumia dawa miezi sita, sindano kwanza kisha vidonge. Alikuwa akiweka alama ya penseli kwenye kalenda ya ukutani kila dozi, na kila alfajiri baada ya sala alitembea mpaka kwa muuza vitumbua na kurudi, taratibu, mkono mmoja juu ya mfuko. Majirani walimlaumu Mama kwa kumwachia mgonjwa atangetange. Mama aliwajibu kwamba ameambiwa.

Skani ya mwisho haikuonyesha saratani. Mguu wa kushoto haujarudi ulivyokuwa. Jioni hujaa kidogo na ngozi ya juu ya kifundo imekuwa nyeusi. Kila Ijumaa, kabla hajavaa kanzu, Mama humkalisha kwenye ukingo wa kitanda na kuzungusha futi. Ijumaa iliyopita nilikuwepo nikalishika daftari mimi. Juu ya ukurasa kulikuwa na vipimo vya bibi harusi wa Chumbageni. Chini yake nikaandika alichonitajia: kulia 34, kushoto 35 na nusu.